Fundi Anajibu: Kufumua miguu ya Corolla uani kwako

SWALI

Fundi,

Nina Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1998 ambayo dashibodi yake inasoma kilomita 243,000. Kwa miezi kadhaa sasa mguu wa mbele kushoto unagonga kila ninapopita kwenye rasta, tairi zote mbili za mbele zinaliwa upande wa ndani, na nikipakia familia pamoja na magunia mawili ya mahindi kutoka shambani, gari linaketi nyuma hadi taa za mbele zinamulika vilele vya miti. Gereji ya kwanza niliyokwenda iliniambia nibadilishe kila kitu. Ya pili ikaniambia tatizo ni shokapu tu. Nina wiki tatu za likizo, sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, jeki ya magurudumu ya kuazima na seti nzuri ya spana. Nataka kuifanya kazi hii mwenyewe, kwa mpango. Nianzie wapi, ninunue nini, na kitu gani nisithubutu kukigusa?

Mwalimu, Kihonda, Morogoro

JIBU

Mwalimu, gereji zote mbili zilikupa hukumu kabla hazijalala chini ya gari lako, na hapo ndipo fedha za wenye magari ya zamani zinapoishia. Umeleta malalamiko matatu, na kila moja linaweza kuwa na chanzo chake: kugonga ni kitu kilicholegea, kuliwa kwa tairi upande mmoja ni gurudumu lisilokaa sawasawa, na kuketi nyuma ni springi zilizochoka. Shokapu haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kutuliza mrukoruko wa springi, kwa hiyo hata ukifunga shokapu nne mpya za bei kubwa, magunia yako mawili yatalishusha gari vilevile. Ndiyo maana nakuomba siku ya kwanza ya likizo usishike spana kabisa, bali daftari, tepu ya kupimia, tochi na mtaimbo mdogo.

Anza na urefu wa gari. Liegeshe mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sawa na buti likiwa tupu, kisha pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, pembe zote nne, na uandike. Tunapima kutoka katikati ya rimu, si kutoka ardhini, ili upungufu wa upepo au tairi lililokwisha visituharibie hesabu. Kushoto na kulia vikipishana zaidi ya sentimita moja hivi, shuku springi iliyochoka au iliyokatika. Springi hukatika mara nyingi kwenye duara la mwisho, pale inapokaa kwenye kikombe chake, kwa sababu maji na mchanga hukusanyika hapo na kula rangi hadi chuma kibaki wazi. Ufa wa namna hiyo hauonekani kwa kuinama tu. Safisha kikombe kwa brashi, kisha umulike. Vitunze vipimo hivyo vinne, kwani utavihitaji tena mwishoni.

Kisha tafuta kinachogonga. Kabla ya kuinua gari, pita kwenye rasta ileile polepole huku ukigusa pedali ya breki kidogo tu: mlio ukikatika, usiilaumu miguu, kwani huenda ni kalipa (kibanio cha breki) au padi za breki zinazocheza kwenye nafasi yake. Ukirudi nyumbani, mwombe mtu azungushe usukani huku na huku gari likiwa chini, nawe uweke kiganja juu ya springi ya kushoto. Springi ikirukaruka badala ya kuzunguka taratibu, beringi ya mauntingi ya juu, yaani kitako kinachoishikiza shokapu kwenye bodi, imekwama. Hapo hapo shika linki ya stabilaiza, kijiti kinachounganisha mguu na chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, na uitikise. Linki iliyokufa hucheza mkononi, na ndiyo huleta ule mlio wa kokoto ndani ya debe kwenye vishimo vidogo.

Baada ya hapo inua mbele, weka stendi, ushike gurudumu juu kabisa na chini kabisa, ulivute na kulisukuma. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukiisha, mwenye kosa ni beringi ya habu, yaani kitovu cha gurudumu; ukibaki, elekea kwenye bolijointi, kile kiungo cha duara kilicho chini ya mguu. Ukishika kushoto na kulia, mchezo utakaoupata ni wa tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu, au wa sanduku la usukani. Hatimaye weka mtaimbo chini ya tairi na ulinyanyue kwa kulishtua. Bolijointi iliyokwisha hupanda na kushuka waziwazi, na ukiiona hivyo gari lisiende tena popote mpaka ibadilishwe, kwa sababu siku inapochomoka, gurudumu hulala na usukani haukutii tena.

Bushi za wishiboni, yaani raba za ule mkono wa chini unaoshika gurudumu kwenye fremu, zinahitaji uvumilivu zaidi, kwa kuwa raba huweza kuonekana nzima kwa nje huku imeachana na chuma chake ndani. Ingiza mtaimbo kati ya wishiboni na fremu, sukuma, na utazame raba inavyofunguka. Itazame hasa bushi ya nyuma, kwa sababu ndiyo hupokea nguvu za breki na vishindo vya mashimo. Ikichanika, wishiboni husogea kila unapofunga breki na gurudumu hubadili mwelekeo wake. Hapo huenda ndipo tairi zako zinapoliwa. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kinyume chake: likikwaruza kama msumeno upande mmoja na kuteleza upande mwingine, magurudumu hayatazami mbele kwa pamoja, likiwa limeliwa laini upande wa ndani tu, gurudumu limelala kwa ndani. Nimewaona watu wakilipia alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine, mara tatu kwa mwaka mmoja juu ya bushi iliyochanika. Mashine hupima gari lililosimama, lakini bushi mbovu huhama gari likiwa barabarani.

Sasa ununuzi. Corolla ya umbo lako, lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1995, ina mbele shokapu iliyovikwa springi na wishiboni moja ya chini kila upande; nyuma nako ina shokapu iliyovikwa springi, pamoja na mikono miwili ya kukingama na mmoja wa kwenda mbele. Wenye Corolla za umbo lililofuata, zinazosukumwa na magurudumu ya mbele, wana ekseli ya kipande kimoja nyuma, na hesabu yao ya bushi ni fupi kuliko yako.

Kwa kilomita ulizonazo, mbele ningenunua shokapu mbili, mauntingi mbili pamoja na beringi zake, raba za kuzuia shokapu isigonge mwisho, mifuniko ya vumbi na linki mbili za stabilaiza, na ningeongeza bolijointi na tairodi iwapo tu ukaguzi umezikuta na mchezo au mifuko yake ya raba imepasuka. Kamwe usifunge shokapu mpya upande mmoja ukaacha kuukuu upande wa pili, kwa sababu gari litatulia kushoto na kuyumba kulia, na utalijua hilo siku ya mvua kwenye kona. Mauntingi watu huziruka ili kuokoa fedha, nami nasema hiyo si akiba, kwani ili kuzifikia mwakani itakubidi uirudie kazi yote upya. Kwa nyuma, fedha ya kwanza iende kwenye springi mbili mpya za nguvu ya kawaida. Ukishazifunga ndipo uamue kama shokapu za nyuma zinastahili kubaki. Zikiwa zimelowa mafuta yanayotiririka, zibadilishwe. Unyevu mwembamba uliokamata vumbi karibu na mhimili peke yake si ushahidi wa kutosha.

Kuhusu wishiboni, dukani watakushawishi ununue nzima yenye bushi zake, na kwa mtu wa nyumbani kweli ni rahisi kufunga. Mimi hupendelea wishiboni ya asili isiyopinda, ikasukumiwa bushi bora kwa presi, kuliko wishiboni mpya ya bei ya chini ambayo raba yake inachanika kabla ya mwaka kwisha. Bushi za plastiki ngumu waachie wanaoshindana mbio. Kwenye gari la familia zinapitisha kila kokoto hadi kwenye kiti, na zisipopakwa grisi yake hulia kama kitanda cha kamba.

Unapoagiza, taja namba ya fremu iliyo kwenye bamba ndani ya chumba cha injini, usiseme tu “Corolla moja kumi”, kwa kuwa chini ya jina hilo zipo injini tofauti na uzito tofauti, na shokapu za mbele zina kushoto na kulia. KYB ni jina unaloweza kuliamini kwa shokapu, na 555 kwa bolijointi na tairodi, lakini kwa sababu hiyo hiyo ndiyo majina yanayoigizwa sana. Linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma na ile ya boksi, chunguza uchomeleaji, na usinunue boksi ambalo muuzaji hataki ulifungue mbele yake. Mizigo kutoka Gerezani au Kariakoo, jijini Dar es Salaam, inafika Morogoro kwa basi siku hiyo hiyo, lakini iagize yote mapema, uipokee, uifungue, uilinganishe kwa macho na iliyo kwenye gari, ndipo uweke tarehe ya kazi. Gari likishakuwa juu ya stendi haliwezi tena kukupeleka dukani kurudisha shokapu ya upande usio wake.

Uliuliza usiguse nini. Usiifungue springi kwenye shokapu ukiwa uani. Springi ya mbele ya gari lako, gari likiwa limesimama tu, inabeba uzito unaokaribia kilo 300, na hata ukiitoa garini inabaki imebanwa kati ya kikombe cha chini na mauntingi ya juu, ikishikiliwa na nati moja iliyo katikati. Katika gereji niliyojifunzia kazi, kijana mmoja aliibana springi kwa vyuma viwili vya kuazima visivyolingana. Kimoja kikateleza, na springi ikatoboa bati la paa ikaanguka kwa jirani. Kichwa chake kilikuwa kimeinamia upande mwingine, basi. Kwa hiyo kazi yako iwe ni kutoa shokapu na springi yake vikiwa kitu kimoja, kuvipeleka vyote viwili pamoja na spea mpya kwenye gereji yenye kibanio cha springi kilichofungwa ukutani au mezani, na kuvirudisha vikiwa vimeunganishwa. Ukifungua kofia ya gari utaona nati tatu zinazoizunguka mauntingi na moja kubwa katikati: legeza zile tatu tu. Hiyo ya katikati iache kama ilivyo mpaka springi ibanwe. Bushi za kusukumwa kwa presi nazo zipeleke gereji, na alaimenti kadhalika. Kila kingine kinachobaki ni kufungua na kufunga, na hicho unakiweza.

Siku tatu kabla ya kuanza, safisha kila uzi wa bolti kwa brashi ya waya na uulowanishe kila jioni kwa mafuta ya kupenya kutu. Gari lililokuja kutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huwa limeanza kuota kutu kabla halijafika bandarini, kwa hiyo usijipe moyo kwamba Morogoro ni mbali na bahari. Nati ikikataa, usiirukie kwa mguu. Ikaze kidogo kwanza, kisha ilegeze, uende hivyo kwa zamu.

Anza Jumamosi alfajiri, si Jumapili, ili ukikwama upate duka lililofunguliwa. Fanya mbele na nyuma kwa siku tofauti, na usiinue pande zote kwa pamoja. Nati za magurudumu, zinazotumia soketi ya milimita 21, zilegeze gari likiwa bado chini. Ukiinua mbele, zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi. Ukiinua nyuma, kumbuka kwamba breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma ambayo sasa yako hewani, kwa hiyo vigingi viwe mbele na gia iwe imewekwa. Gari likae kwenye stendi mbili za chuma, si juu ya jeki peke yake wala juu ya tofali. Tofali la saruji halikupi onyo lolote kabla ya kupasuka. Ukishaliweka, lisukume kwa nguvu ubavuni. Kama litaanguka, lianguke wakati hujaingia chini.

Kabla ya kuchomoa bolti mbili zinazoishika shokapu kwenye mguu, yaani chuma kinachobeba habu, chora kwa rangi mstari unaovuka shokapu na mguu, pia kichwa cha bolti ya juu, kwa sababu uchezaji mdogo wa tundu hilo ndio unaoamua gurudumu limelala kiasi gani. Toa klipu ya paipu ya breki iliyoshikizwa kwenye shokapu. Kalipa, kama itabidi kuitoa, ining'inize kwa waya kwenye bodi, isining'inie kwa paipu yake, na mguu ufunge kwa kamba usianguke nje ukaivuta shafti inayopeleka nguvu gurudumuni hadi ikachomoka kwenye jointi ya ndani. Bolijointi isiyotaka kutoka kwenye koni yake usiipige kwenye uzi; piga ubavu wa chuma inamokaa kwa nyundo, kwa mapigo makavu, nati ikiwa imebaki kwenye nyuzi za mwisho ili isirukie miguu yako. Pini ya kufunga nati iwe mpya kila mara.

Nifike kwenye kosa ambalo hata mafundi wenye majina hulifanya. Bushi ya raba haizunguki kama beringi. Raba yake imegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, na bolti inapokazwa hulibana bomba la ndani lisisogee. Mguu unapopanda na kushuka, raba hujisokota kidogo na kurudi. Ukikaza bolti za wishiboni, au za mikono ya nyuma, magurudumu yakiwa yananing'inia, unailazimisha raba ihesabu kuning'inia kuwa ndiyo hali yake ya mapumziko. Ukishusha gari, raba inabaki imesokotwa usiku na mchana, gari likiwa limeegeshwa au linatembea, na ndani ya miezi michache imechanika, kisha mtu analaumu spea. Kwa hiyo bolti zote za bushi zifunge kwa mkono tu, kisha uinue mguu kwa jeki, gari likiwa bado juu ya stendi, mpaka kipimo kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi kilingane na kile ulichokiandika siku ya kwanza. Hapo ndipo ukaze. Kwa nyuma, ambako springi ni mpya na gari litasimama juu zaidi, shusha gari kwanza, lisukume-sukume, lisogeze mbele na nyuma, upime urefu mpya, ndipo uukaze kwa urefu huo. Kabla hujaishusha shokapu ya nyuma, angalia pia kama kila bolti ya mikono ina nafasi ya kutoka bila kugonga tangi au fremu, na kama mkono mmoja una nati za kurekebisha urefu, usizilegeze bila kuweka alama.

Nguvu ya kukaza kila bolti imeandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako, nacho kitafute mapema. Nati za magurudumu ya Corolla hukazwa kwa nyutoni mita 103, ambayo kwa lugha ya zamani ni kilo 10.5 kwenye mkono wa mita moja. Kama hukupata spana ya kupimia, chukua mpini ulionyooka, weka alama sentimita 50 kutoka katikati ya soketi, fungia hapo mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, uvute kwa pembe mraba mpaka isome kilo 21. Utakuwa umefika palepale.

Ukimaliza, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa kabla ya kuondoka, kwani kama ulizirudisha nyuma pistoni za kalipa, mguu wa kwanza utazama hadi sakafuni. Zunguka mtaani kwa mwendo mdogo, rudi, kagua kila nati. Zikague tena baada ya kilomita 100 hivi. Springi mpya hujishusha kidogo zikianza kazi, kwa hiyo alaimenti ya mwisho ifanyike baada ya wiki moja au mbili. Kabla ya hapo usisafiri mbali, hasa ikiwa uligusa tairodi. Ukibadilisha tairodi, hesabu mizunguko unapoifungua na uifunge mpya kwa hesabu ileile, gari litaweza kufika kwa mpimaji bila kutafuna tairi njiani.

SWALI

Mzee Fundi, shikamoo. Mimi nina Corolla kama hizo, na barabara ya kwetu ni ya makorongo. Vijana wa gereji wamenishauri niweke spesa za sentimita tano juu ya shokapu zote nne, au wazipashe springi moto wazivute ziwe ndefu. Gharama ni ndogo sana. Nikubali?

Msomaji, Songea

JIBU

Marahaba. La moto likatae pale pale. Springi ina nguvu kwa sababu chuma chake kilipikwa na kupozwa kiwandani kwa namna maalumu. Mtungi wa gesi unaifuta kazi hiyo mahali ulipogusa, na siku ya kwanza utaona gari limepanda, halafu litashuka chini ya lilipokuwa, au springi itakatika ukiwa na abiria.

Spesa ina sura mbili. Ya chuma au alumini iliyochongwa vizuri, yenye bolti za urefu unaofaa, ikiwa ya sentimita mbili au pungufu kidogo ya tatu, wengi wanaishi nayo, mradi alaimenti ifanyike mara moja. Kwa sentimita tano unaanza kulipa kwingine: shafti za mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda zaidi, mifuko ya raba ya jointi zake hupasuka na kumwaga grisi, bolijointi hufika mwisho wa mwendo wake, na paipu ya breki huvutwa kila gurudumu linaposhuka kwenye korongo. Safari ya shokapu haikuongezeka hata kidogo. Umelisogeza gari mbali na gurudumu tu. Hata hivyo kama ni lazima upande, nunua springi zenye nguvu zaidi pamoja na shokapu zinazoendana nazo, na usikubali spesa iliyokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Hiyo hujikunja ubavuni na nati za juu hulegea.

SWALI

Bwana Fundi, nilianza kazi ya bushi za mikono ya nyuma nikakwama bolti ya kwanza. Nati ilitoka vizuri, lakini bolti yenyewe hugeuka kidogo kisha hurudi ilipokuwa, kama inayovutwa na mpira. Nimepiga nyundo hadi kichwa kimeharibika. Nifanyeje?

Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU

Huko kurudi kwake ndiko kunakueleza ugonjwa. Bolti imeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi, kwa hiyo unapoigeuza unaisokota raba, nayo inakurudisha. Hewa ya chumvi ya pwani hufanya hivyo kwa gari lolote lililokaa miaka mingi bila kufunguliwa, na nyundo haisaidii kwa kuwa raba inameza kila pigo.

Usiichomee moto hapo ilipo. Tangi la mafuta na mabomba yake yako karibu, na moshi wa raba inayoungua si wa kuvuta. Kwa kuwa bushi unazitoa kwa vyovyote vile, kata bolti kwa msumeno wa chuma au kwa grainda pande zote mbili za bushi, katika ule mwanya mwembamba ulio kati ya bushi na kikombe chake kwenye fremu, ukijihadhari usikikate kikombe. Kama utatumia grainda, ondoa kwanza kila kitu chenye mafuta karibu na cheche, funika mabomba kwa karatasi ya bati, weka ndoo ya mchanga mkononi, na vaa miwani. Mkono utaanguka na kipande cha bolti kikiwa ndani yake, nao utaupeleka kwenye presi kama ulivyo.

Nunua bolti mpya kabla hujakata ya zamani, ziwe za ugumu uleule uliogongwa kichwani, wala usikubali bolti laini ya dukani kwa sababu tu inaingia kwenye tundu. Unapozifunga, paka grisi nyembamba kwenye sehemu laini ya bolti inayokaa ndani ya bomba la bushi, ili mtu atakayefungua baada yako asikate tena. Uzi wenyewe uache mkavu, kwa sababu vipimo vya kukaza vilivyoandikwa kitabuni huhesabiwa kwa uzi usio na grisi.